Kabla ya kuwaita wafanyakazi kwa mafunzo ya kukumbushana

Zahanati moja ya binafsi hapa Kenya iliniita nipitie mafunzo yao ya ulinzi wa data, yaani taarifa binafsi za watu. Getini askari alinisogezea daftari la wageni, kalamu imefungwa kwa uzi. Jina, namba ya kitambulisho, simu, unakwenda wapi. Nilipokuwa nikijaza mstari wangu niliweza kusoma mistari yote ya juu: nani kafika tangu asubuhi, namba zao, na kwamba mmoja wao alikuwa anakwenda kliniki ya kifua kikuu. Huko juu ofisini nikaonyeshwa faili nene lenye slaidi, orodha za mahudhurio na saini. Wafanyakazi wote walikuwa wamefunzwa. Yule askari hakuwamo kwenye orodha, maana ameajiriwa na kampuni ya ulinzi.

Ndiyo maana siku hizi, nikiombwa kuandaa kipindi kifupi cha kukumbushana, sifungui kompyuta kwanza. Nazunguka. Nakaa mapokezi nusu saa, nachungulia trei ya printa nione karatasi za nani zimelala pale tangu jana, nasikiliza majina yanavyoitwa kwa sauti pamoja na ugonjwa. Namuuliza msafishaji karatasi za zamani zinatupwa wapi. Mkandarasi, mwanafunzi wa mafunzo kazini na kibarua wa wiki mbili nawaandika pia kwenye orodha ya watakaohudhuria, kwa sababu data haiulizi mtu analipwa na nani.

Mzunguko huo utakupa makosa kumi au zaidi. Chagua mawili. Hapa wengi hukosea: huchukua somo refu la siku ya kuajiriwa, hulikatakata, kisha hulisoma haraka. Watu wanatoka wakikumbuka kwamba kuna sheria, jambo ambalo walilijua tangu zamani. Andika kwenye karatasi, kwa sentensi moja, kitu ambacho mkono wa mtu utafanya tofauti Jumatatu. "Karani atafunga skrini kila anapoinuka." Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, kipindi hakijaiva.

Kisha pitia sheria upya, hata kama uliisoma mwaka juzi. Kwa Kenya ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pamoja na kanuni zake za 2021. Wenzetu wa Tanzania wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo usichukue slaidi za Nairobi ukazipeleka Dodoma zilivyo. Katika sheria ya Kenya, data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa mwenyewe, taasisi ina saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo, na saa zinahesabiwa tangu taasisi ilipojua. Anayechakata data kwa niaba yako ana saa 48 za kukwambia. Hesabu hizo za saa zinamhusu mkuu wa idara. Mhudumu wa mapokezi aliyepoteza simu ya kazi ndani ya matatu anahitaji jambo moja tu: nampigia nani sasa hivi, hata kama ni saa nne usiku. Hakikisha huyo mtu yupo, anashika simu, na anajua kwamba ndiye. Nimeshakuta namba ya ofisa aliyeacha kazi ikiwa bado imebandikwa ukutani.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuondoa vikwazo kabla ya kufundisha. Wauguzi wanatumiana picha za majibu ya maabara kwenye kikundi cha WhatsApp kwa sababu kompyuta ni moja na daktari yuko jengo la pili. Nywila imeandikwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi kwa sababu kuingia kwenye mfumo kunachukua dakika tano na foleni imefika mlangoni. Ukisimama mbele yao useme "msifanye hivyo" na usiwape njia nyingine, watakuitikia kwa heshima na kurudi kule kule. Nami ningefanya vivyo hivyo. Nenda kwa bosi kwanza na kitu kinachogharimu pesa: kompyuta ya pili, sanduku lenye kufuli, mashine ya kukatakata karatasi za kutupwa. Akikataa, badilisha mada ya kipindi.

Muda na lugha havina maneno mengi. Dakika kumi na tano wakati wa kubadilishana zamu zinatosha, zamu ya usiku isisahauliwe, watu wa uhasibu usiwaite mwisho wa mwezi, na zungumza Kiswahili kile kile kinachozungumzwa kaunta.

Mifano itafute mapema. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja bila ridhaa yake. Mifano hiyo miwili huamsha watu kuliko kifungu chochote. Ukitumia kisa cha humo humo ndani, badilisha idara na siku, la sivyo darasa zima litageuka kumtazama mtu mmoja.

Maswali ya mwisho yawe hali halisi. Mtu anapiga simu, anasema ni mume wa mgonjwa wa kitanda cha 6, anataka majibu. Utamjibuje? Waache waseme jibu kwa sauti: "Samahani, majibu hatutoi kwa simu. Mwenyewe anaweza kuja na kitambulisho." Mara ya kwanza ulimi unakwama, hasa mpigaji akiwa mkali. Afadhali ukwame pale darasani kuliko kwenye simu yenyewe.

Tunza kumbukumbu: tarehe, mada, waliohudhuria, swali lililowashinda wengi. Na tafadhali, karatasi ya mahudhurio isizungushwe ikiwa na safu ya namba za vitambulisho. Nimeiona hiyo pia, katika kipindi cha ulinzi wa data.

Weka tarehe ya kurudi kuangalia, wiki tatu hivi baadaye, bila kutangaza. Kwenye zahanati ile nilipopita tena, kalamu ilikuwa bado imefungwa kwa uzi ule ule. Daftari lilikuwa limeondolewa. Askari alinipa kikaratasi kimoja, nikajaza, akakitumbukiza kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli, kisha akamwambia kijana aliyekuwa nyuma yangu asogee kidogo.