Kumchukua mbwa mgonjwa Tabora ukiwa ughaibuni

Picha imeingia kwenye simu: mbwa wa mtaani pale Cheyo au Isevya, mbavu zinahesabika, jicho moja lina ukungu, na mdogo wako anauliza, "Dada, tumchukue?" Kabla ya kutaja hela, uliza nani atampa dawa.

Huruma ya aliye Manchester haimezeshi kidonge. Chukua mfano wa mbwa mwenye kifafa. Akianzishiwa fenobabito, dawa ya kuzuia degedege, anaimeza kila baada ya saa 12, na ikikatishwa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo hadi afe. Sasa ukitokea msiba Nzega na nyumba nzima ikaondoka, nani anabaki? Tafuta watu wawili, mmoja wao umlipe, maana wa kulipwa ndiye unayeweza kumdai.

Halafu zungumza na mama. Nyumba nyingi za Tabora ni za Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi. Si jambo la kulichukulia juu juu. Mbwa wa ulinzi anakubalika kwa wengi, ila huyu atashikwa mdomo mara mbili kwa siku. Kubalianeni mapema: banda lake nje, bakuli lake, glavu, na kijana asiyeona tabu kumshika. Mama akikataa, basi. Usimzunguke kwa kumtumia mdogo wako.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, usikubali "ana minyoo tu" bila vipimo. Mkoa huu umezungukwa na miombo, na kuelekea Urambo, Kaliua na Sikonge kuna mbung'o. Mbwa aliyetoka huko, mwenye homa, anayekonda huku jicho likigeuka rangi ya bluu au maziwa, huenda ana nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kupe nao huleta babesia na erilikia, magonjwa ya damu, na dalili zake zinafanana: homa, ufizi kupauka, kukataa chakula. Daktari wa mifugo achukue damu iangaliwe kwa hadubini. Erilikia hutibiwa kwa antibayotiki ya doksisaiklini, kwa kawaida siku 28. Kidonge kiende na chakula na maji, kisikwame kooni. Tonge la ugali lenye dagaa ndani linafanya kazi nzuri.

Hapa ndipo pa kuwa mkali: dayaminazini, ile sindano ya ng'ombe wenye nagana, hutumika pia kwa mbwa, lakini dozi ikizidi kidogo tu inaweza kuharibu ubongo. Mbwa hapimwi kwa macho. Mtu apande kwenye mizani akiwa amembeba, ashuke, apande tena peke yake, tofauti ndiyo kilo za mbwa. Omba picha za mizani zote mbili kabla sindano haijachomwa.

Hela ya dawa ilipe dukani moja kwa moja kila inapowezekana, ya mlezi mtumie mlezi. Dai video fupi ya mbwa akimeza. Ndugu watanung'unika kwamba huwaamini, wazoee.

Kama unataka kumsafirisha, anza leo. Kwa Uingereza, chipu ya utambulisho chini ya ngozi inawekwa kwanza, ndipo chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki. Zikipita siku 30 au zaidi baada ya chanjo, damu inachukuliwa kwenda maabara iliyoidhinishwa, na kinga isipungue yuniti 0.5 kwa mililita. Kisha unasubiri miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa. Dawa ya tegu anapewa kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika.

Marekani ilibadili masharti Agosti 1, 2024. Mbwa awe na umri wa miezi 6 au zaidi, na Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Aliyechanjwa Tanzania asipokuwa na majibu ya damu yanayokubalika, anakaa karantini siku 28 kwa gharama yako.

Kwa maoni yangu, mbwa mzee au mwenye kifafa abaki Tabora. Hesabu barabara au treni hadi Dar es Salaam, halafu saa zote za angani, tena bila dawa ya usingizi, kwa sababu mashirika mengi ya ndege hayampokei mbwa aliyelevywa: dawa hizo hushusha presha na kuvuruga upumuaji. Akiwa wa kuondoka kweli, mzoesheni kulala ndani ya kreti, sanduku lake la safari, wiki kadhaa kabla, na ratiba ya vidonge isogezwe na daktari mapema ili saa ya dawa isiangukie katikati ya safari.