Shule ya mkataba yenye masomo mazito: itamfaa mwanao?

Shule za mkataba (charter schools) Marekani ni za umma: hazitozi ada, na waombaji wakizidi nafasi huchaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa hiyo cha kupima hapa si ada, bali kama mwanao ataimudu kasi ya masomo.

Anza kwa kuuliza wangapi waliingia darasa la 6 na wangapi walifika la 12. Wakianza 100 wakamaliza 40, wale 60 walikwenda wapi? Alama nzuri za wahitimu haziwahesabu walioondoka.

Kisha omba kazi halisi za nyumbani za wiki moja. Mtoto azifanye peke yake huku ukitazama saa. Akiwa na miaka 11 au 12 na usingizi ukashuka chini ya saa 9, mzigo umezidi. Angalia hesabu hasa: anayebabaika kujumlisha 2/3 na 3/4 atakwama aljebra ikianza, hata kama anasoma vitabu kwa ufasaha. Omba jaribio la kuona aanze ngazi gani kabla ya kujiandikisha.

Mtoto mwenye ulemavu, au anayejifunza Kiingereza, analindwa na sheria ya shirikisho (ya Marekani nzima) hata katika shule hizi. Wakikwambia "hatuna huduma hiyo", taka jibu la maandishi.

Uliza pia kuhusu basi la shule. Shule nyingi za aina hii hazina.