Somo: Jinsi ya kuieleza airisi mpya ya nyasi za milimani

Mtu akikutana na airisi (mmea wa maua wa jenasi Iris) asiyoifahamu huko juu kwenye nyasi, kinachomshtua kwanza ni rangi. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Kusini mwa Ufaransa kuna Iris lutescens: kwenye kilima kimoja utaikuta ya manjano na ya zambarau zimeota bega kwa bega, na zote ni spishi ileile. Iris pumila nayo ina tabia hiyohiyo. Kwa hiyo rangi iandike, lakini usiitegemee.

Hatua ya 1: Kibali. Kipate kabla hujang'oa hata jani. Nchi nyingi zinafuata Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu rasilimali za kijenetiki, na majarida mengi hayapokei makala ya mmea uliokusanywa kwa kujiibia.

Hatua ya 2: Utazame ungali hai. Hapa usiwe na haraka. Anzia chini. Je, una shina linalotambaa ardhini kama tangawizi, au una tunguu kama kitunguu? Jibu la swali hilo pekee litakupunguzia kazi kubwa, kwa sababu makundi ya airisi yanatenganishwa hapo kwanza. Fukua kwa mkono, usivute.

Kisha panda kwenye ua. Sehemu tatu za nje huinama, tatu za ndani mara nyingi husimama. Chungulia zile zinazoinama: zina ndevu, zina upanga kama wa jogoo, au ni laini tupu? Juu yake kuna vitawi vitatu vya staili (sehemu ya kike ya ua) vilivyotanuka mpaka vinafanana na petali, na chini ya kila kimoja stameni (sehemu ya kiume yenye chavua) imejificha. Ovari (kifuko kinachobeba mbegu) iko chini ya ua, ina vyumba vitatu. Pima vyote kwa milimita, tena kwenye mimea kumi au ishirini iliyo mbalimbali. Mmea mmoja hukupa kipimo; mimea mingi ndiyo hukuonyesha kiwango cha tofauti.

Andika pia mwinuko, aina ya udongo na majirani zake. Angalia kama mifugo inapita: ng'ombe kwa kawaida hawapendi majani ya airisi, hivyo malishoni utakuta nyasi zimekwanguliwa na airisi zimesimama wima. Wingi wake mahali kama hapo usikudanganye kwamba mmea umeenea mlima mzima.

Rudi tena miezi kadhaa baadaye kuchukua tunda na mbegu. Najua ni safari ndefu. Lakini umbo la tunda, na kama mbegu ina kinyama cheupe pembeni au haina, huamua mengi kuliko ua.

Hatua ya 3: Kukausha. Ua la airisi ni maji matupu. La kwanza nililolibana zima lilitoka kama karatasi ya chai iliyomwagikiwa wino. Siku hizi ua moja nalichambua vipandevipande, kila kipande nakibana peke yake, na jingine nalitia kwenye alkoholi ya asilimia 70. Shina nene la chini lipasue katikati, la sivyo litaota ukungu. Rangi itapotea, kwa hiyo piga picha kabla.

Hatua ya 4: Kulinganisha. Jenasi Iris, iliyopewa jina hilo na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, ina spishi zinazokaribia 300, na majina yaliyowahi kutolewa ni mengi zaidi ya hapo. Huenda "mpya" wako alishapewa jina zamani kisha akasahaulika. Nenda hebaria, yaani nyumba ya kuhifadhia mimea iliyokaushwa, au omba picha za sampuli halisi zilizobeba majina ya ndugu zake wa karibu. Picha za intaneti hazitoshi.

Hatua ya 5: Kuchapisha. Chagua sampuli moja iwe kielelezo cha jina na utaje hebaria inakohifadhiwa. Tangu Januari 1, 2012, kwa kanuni za kimataifa za majina ya mimea, maelezo au kauli ya utofauti (inayosema mmea unatofautianaje na ndugu zake) yanakubalika kwa Kilatini au kwa Kiingereza. Kiswahili unaweza kukiongeza, ila peke yake hakitoshi kulihalalisha jina. Kumbuka pia kwamba Iris ni jina la kike katika Kilatini: andika *montana*, si *montanus*.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimeona mmea mmoja tu. Nichapishe?*
Subiri, ndugu yangu. Huenda ni chotara, maana airisi huchanganyika sana. Tazama chavua na mbegu: chotara wengi chavua yao ni dhaifu. Lakini uchotara haumzuii mmea kuwa spishi. Iris nelsonii ya Louisiana, iliyopewa jina mwaka 1966, ilitokana na mchanganyiko wa airisi nyingine, na leo ina maisha yake.

*DNA ni lazima?*
Kanuni za majina haziidai. Hata hivyo tia kipande cha jani kwenye silika jeli (punje zinazonyonya unyevu) siku ileile. Hakigharimu kitu, na mhakiki atakuuliza.

*Naruhusiwa kuipa jina langu?*
Kanuni hazikukatazi. Wenzako watakucheka, basi. Mpe aliyekuonyesha njia ya mlima. Akiwa mwanamke, jina lake kwa kawaida litaishia na -ae.

*Niweke vipimo vya GPS kwenye makala?*
Hapana, hasa kama kundi ni dogo. Wako watu wanaosafiri mbali kuchimba airisi adimu wakaziuze. Kwenye lebo ya hebaria andika mahali kamili na uombe pafichwe; kwenye makala taja mlima na mwinuko, uishie hapo.