Futa sufuria kabla ya kuiosha
Kwa mama lishe na wenye migahawa Dodoma mliounganishwa na mtandao wa majitaka wa DUWASA (mamlaka ya maji na usafi wa mazingira Dodoma): sufuria ya supu ya mbuzi ifuteni kwa gazeti ikiwa vuguvugu, gazeti liende kwenye taka ngumu, ndipo muoshe. Maji ya moto yasiwadanganye. Yanayeyusha mafuta hapo kwenye sinki tu; mbele bombani yanapoa, mafuta yanaganda, yananasa punje za wali, na chemba inafurika mlangoni kwa jirani (Julai, kwa baridi yake, ndiyo balaa). Mafuta ya chipsi yaliyochoka hayafutiki, ni mengi. Yakipoa yamimineni kwenye dumu. Na jiko linalopika kutwa bila chemba ya kunasia mafuta, gazeti halitoshi.