Kabla ya kutazama jengo Bagamoyo, tazama saa

Wenzangu mnaokaa Bagamoyo au mnaofika wikiendi: ile milango ya nakshi ya Mji Mkongwe msiitazame saa sita mchana. Jua likiwa utosini, nakshi zinalala, mlango unaonekana ubao tu. Unaotazama baharini uuendee asubuhi, unaotazama bara uuendee kuanzia saa kumi jioni. Mwanga ukija kwa ubavu, kila mkato wa patasi unatoa kivuli chake.

Anzia kwenye mfaa, yaani ule mti wa katikati zinapokutana mbao mbili. Mara nyingi fundi hajiachii kwingine kama anavyojiachia hapo. Kisha shuka na miimo, yaani ile miti ya pembeni ya fremu, mpaka chini, utafute samaki, mnyororo, mayungiyungi. Njumu za shaba, ile misumari yenye vichwa vikubwa, ni mtindo uliotoka India, ambako inasemekana zilizuia tembo wa kivita, ingawa huku kwetu hakukuwa nao. Piga hodi kwanza. Mingine ni milango ya nyumba za watu.

Boma la Mjerumani lipitie, ila mimi halinisisimui kama magofu ya Kaole, kilomita chache kusini. Kuna kiingilio kidogo. Pale msikiti na makaburi ni ya mawe ya matumbawe, na baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu zilizosimama wima. Sogea karibu uangalie vishimo vya duara: ndimo zilimopachikwa bakuli kutoka China. Beba maji, na viatu vya kufunika vidole.