Kuvusha miche ya mikorosho Mtambaswala

Anza na karatasi za ng'ambo, za kwetu zitafuata. Mpokeaji aliyeko Msumbiji ndiye anayeomba kibali cha kuingiza mimea huko kwao, kisha anakutumia nakala. Masharti yaliyomo ndiyo mkaguzi wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) atakayoyatazama akija kitaluni. Ukitafuta cheti cha afya ya mimea kabla ya kuona kibali, cheti kinaweza kukosa tamko walilolitaka wenzetu, na gari likalala Daraja la Umoja, hapo Mtambaswala tunapovukia Mto Ruvuma kuingia Msumbiji, huku miche inanyauka.

Kinachokwamisha wengi ni udongo. Kiriba kimoja, yaani mfuko wa udongo wenye mche, kinatosha kubeba minyoo fundo, mchwa, au vimelea vya mnyauko fuzari, ugonjwa unaokaa ardhini miaka na miaka. Kwa hiyo kama mwenzako ana miche ya kubebeshea (kuunganishia), mpelekee vikonyo tu, yaani vipande vya vichipukizi vitakavyounganishwa juu ya miche yake. Chagua vichipukizi vyenye unene wa penseli; siku 7 hadi 10 kabla ya kuvikata, pogoa majani ukiacha vishikio vyake, ili jicho la nchani livimbe. Kata asubuhi, sentimita 10 hadi 12. Funga hamsini hamsini kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa sawasawa, tia kwenye mfuko wa plastiki, kisha kwenye boksi. Mfuko ukichuruzika maji, umezidisha, na vitaoza njiani. Vibebeshwe ndani ya siku 3 au 4. Cheleweshea hapo uone.

Ukilazimika kupeleka miche yenyewe, na kibali kinaruhusu udongo wake, igeuze majani kabla mkaguzi hajayageuza. Unga mweupe kwenye majani machanga ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu; madoa meusi yaliyobonyea kwenye vichipukizi ni kazi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu. Kupulizia dawa usiku wa kuamkia ukaguzi hakufuti madoa. Mkaguzi akishahesabu, usiongeze hata mche mmoja, na jina la kisayansi la mkorosho, Anacardium occidentale, liandikwe vilevile kwenye karatasi zote.

Mwagilia jioni ya kuamkia safari. Ukimwagilia asubuhi, viriba vinakuwa vizito na kupasuka barabarani. Visimamishe vikiwa vimebanana, turubai liwe juu ya fremu lisiguse majani, maana upepo wa gari hukausha kuliko jua. Toka Masasi alfajiri ufike mpakani ofisi zikiwa wazi. Cheti halisi akae nacho dereva. Picha ya simu haivuki daraja.