Jinsi ya Kuisaidia Kinga ya Mwili Herpesi Inaporudi

Mtu anayetokwa na malengelenge ya herpesi mdomoni au sehemu za siri mara kwa mara huamini kwamba kinga yake imeshuka, na mara nyingi huanza kutafuta vitamini, mizizi na dawa za kuongeza kinga zinazotangazwa mitandaoni. Kwa walio wengi dhana hiyo si sahihi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50, yaani asilimia 64, wana virusi vya herpesi aina ya 1, na watu milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana aina ya 2. Haiwezekani wote hao wawe wamepungukiwa kinga. Jambo la kujifunza hapa ni kinga inafanya nini, inachelewa wapi, na wewe uingilie kati saa ngapi.

Baada ya maambukizi ya kwanza, virusi hupanda kwa kufuata neva za hisia mpaka kwenye fundo la neva, ambalo kwa maambukizi ya mdomoni liko chini ya ubongo, na kwa yale ya sehemu za siri liko karibu na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Humo hutulia karibu bila kutengeneza protini yoyote, kwa hiyo kingamwili, yaani protini za ulinzi zilizojaa kwenye damu, hazipati cha kukamata. Hata hivyo fundo hilo haliachwi bila ulinzi. Seli T za aina ya CD8, ambazo ni seli za kinga, hukaa kando ya seli za neva zenye virusi na kutoa kemikali ziitwazo interferoni, ambazo huvizuia visiamke bila kuiua seli yenyewe, na hilo ni jambo la busara kwa kuwa seli ya neva ikifa haioti nyingine.

Ulinzi huo hulegea wakati wa homa, jua kali, hedhi, upasuaji au msongo wa mawazo, na virusi hushuka tena kwa njia ileile hadi kwenye ngozi. Huko navyo vina hila: protini yao mojawapo huizuia seli iliyoambukizwa isioneshe vipande vya virusi kwenye uso wake, na seli T huchelewa kuitambua. Katika ucheleweshaji huo ndipo lengelenge hupata nafasi ya kutokea. Baadaye interferoni, seli ziuazo asilia (seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa) na seli T za kumbukumbu (zinazovikumbuka virusi vya awali), ambazo baadhi zilibaki palepale penye kidonda cha zamani, huimaliza kazi. Tukio la kwanza linaweza kudumu wiki mbili hadi nne, lakini linalorudi kwa kawaida hupona ndani ya siku 7 hadi 10. Tofauti hiyo ni kazi ya kinga yako, ile unayoilaumu.

Basi hatua ya kwanza ni kuijua dalili yako ya awali. Wengi huhisi mwasho, mchomo au ganzi mahali palepale pa siku zote, tuseme kwenye ukingo wa mdomo wa chini, saa kadhaa au siku nzima kabla ngozi haijabadilika; wenye herpesi ya sehemu za siri wanaweza kuhisi maumivu yanayoteremka kwenye tako au paja. Huo ndio wakati wa kumeza dawa. Ukisubiri mpaka lengelenge lipasuke na kufanya gamba, virusi vimekwisha kuzaliana na kidonge hakitakuwa na la maana la kufanya. Kwa sababu hiyo mwombe daktari akuandikie dawa mapema, ukae nayo nyumbani.

Kwa mtu mzima mwenye herpesi ya sehemu za siri inayorudi, dozi inayotumika sana ya asikloviri, dawa ya kuzuia virusi vya herpesi, ni miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku 5, au miligramu 800 mara tatu kwa siku kwa siku 2. Mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito wapangiwe dozi na daktari. Dawa hii huamshwa na kimeng'enya cha virusi vyenyewe, ndiyo maana hufanya kazi hasa ndani ya seli zilizoambukizwa na haivifikii virusi vilivyolala kwenye neva. Anayekuahidi kuvitoa kabisa anakuuzia maneno. Viuavijasumu (antibiotiki) navyo havisaidii, isipokuwa kidonda kimeingiwa na bakteria.

Usitumbue malengelenge, nawa mikono kila unapoyagusa, na usimbusu mtoto mchanga mpaka ngozi ipone. Anayeshinda juani avae kofia na kupaka midomo mafuta ya kuzuia jua. Epuka kujamiiana tangu dalili ya awali mpaka kupona. Kondomu hupunguza hatari lakini haiimalizi, kwani virusi hutoka hata pasipo kidonda. Herpesi ikirudi mara sita au zaidi kwa mwaka, jadiliana na daktari juu ya kumeza asikloviri miligramu 400 mara mbili kila siku. Mjamzito amweleze mkunga mapema, kwa sababu kidonda wakati wa uchungu ni hatari kwa mtoto.

Suala la VVU linahitaji uangalifu wa pekee. Kidonda cha herpesi kinachodumu zaidi ya mwezi mmoja kwa mwenye VVU huhesabiwa kuwa dalili ya hatua ya nne, iliyo kali zaidi, ya ugonjwa, kwa hiyo ambaye hajapima apime. Aliyeanza ARV karibuni asishtuke herpesi ikichachamaa, maana kinga inayoamka huweza kuleta hali hiyo. Arudi kliniki bila kuacha dawa. Kwa asiye na VVU, herpesi aina ya 2 huongeza uwezekano wa kuambukizwa takriban mara tatu, kwa kuwa seli T za CD4, aina nyingine ya seli za kinga, zinazokusanyika kwenye kidonda ndizo VVU inazozilenga, na hubaki hapo kwa wiki kadhaa baada ya ngozi kufunga. Ilitarajiwa kwamba asikloviri ya kila siku ingepunguza hatari hiyo, lakini utafiti uliofanywa kwa wanawake wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, matokeo yake yakatolewa mwaka 2008, haukuonesha upungufu wa maambukizi ya VVU. Asikloviri hutibu herpesi. Kinga dhidi ya VVU ni kondomu na dawa kinga zake zenyewe.

Jicho likiwa jekundu, likiuma na kushindwa kuvumilia mwanga, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usitie matone yenye steroidi uliyonunua duka la dawa kabla jicho halijachunguzwa, kwa sababu yanaituliza kinga huku virusi vikiendelea kuichimba konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho.